Nyumba ya mawe: tukiiuza, tunauza nini?

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu kutoka Lamu baada ya sala ya isha. Kuna mtu, alisema, anataka kuinunua nyumba ya bibi kule Mkomani. Hakuuliza mengi. Alipanda ngazi, akatazama dari, akapiga picha za zidaka, akashuka. Kabla ya kuaga akauliza kama mlango wa mbele unaweza kuuzwa peke yake, ikiwa nyumba yenyewe ina mambo mengi.

Mambo mengi ni sisi. Bibi alifariki zaidi ya miaka 20 iliyopita, Mungu amrehemu, na mirathi yake haijagawanywa mpaka leo. Wenye haki tumefika 14. Wengine wako Lamu, wengine hapa Mombasa, wawili Muscat, na mmoja yuko London ambaye nyumba hiyo ameiona kwenye picha tu.

Nilipojaribu kuwaeleza binamu zangu tunachotaka kukiuza, niligundua kuwa nusu yao hawajui hata majina ya vyumba. Wala sio wao peke yao. Kwa hivyo, msomaji wangu, leo naomba nikutembeze ndani ya nyumba ya mawe kama nilivyotembezwa mimi na waliokaa ndani yake na mafundi walioitengeneza. Halafu tuone sheria inasemaje, na mtu mwenye nyumba kama hii afanye nini.

Kuanzia dakani

Nyumba nyingi kubwa za mawe zilizosimama Lamu leo ni za karne ya 18. Ukifika kwenye mojawapo, utakutana kwanza na daka. Hiki ni kibaraza kilichofunikwa juu, chenye viti vya mawe pande mbili, na nyuma yake ndipo ulipo mlango wa kuchongwa. Mwanamume asiye wa nyumbani, mchuuzi, mtu aliyekuja kudai pesa zake, wote hupokelewa hapo. Wazee wetu walinywa kahawa dakani, wakasuluhisha ugomvi dakani, wakaposewa mabinti dakani. Mgeni hakujiona amefukuzwa, maana amekaa kivulini na kahawa imemjia. Na mwenye nyumba hakulazimika kumwambia mkewe akimbie ajifiche ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mlango ukifunguliwa huoni ndani. Unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kungojea, kisha unapinda ndipo unatokea kiwandani. Vijana wakisikia kiwanda hufikiri ni cha saruji. Kwa Kiamu kiwanda ni ua wa ndani ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa katika nyumba ambayo ukuta wake wa njiani hauna dirisha la maana. Ule mpindo wa tekani ndio pazia la kwanza la nyumba, na limejengwa kwa mawe.

Ukitoka kiwandani kuna misana, vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana: msana wa tini, kisha msana wa yuu. Kila ukisogea, sakafu hupanda kidogo, kwa hivyo mguu wako wenyewe unakwambia kuwa unaingia mahali pa heshima zaidi. Nyuma ya misana ni chumba kinachoitwa ndani, cha mama mwenye nyumba, na hapo ndipo penye zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa vilivyochongwa, ambamo yaliwekwa mabakuli ya Kichina, misahafu na vitu vya thamani.

Mwisho kabisa, kwenye giza na ubaridi, ni nyumba ya kati. Humo mama alizalia na humo maiti alioshwa. Bibi yangu alizaliwa humo, akazaa humo watoto sita, na humo ndimo alimooshwa. Nimewahi kuhesabu hatua kutoka dakani hadi hapo, na hazifiki 30. Katika hatua hizo umempita mpita njia, mgeni, jamaa na maharimu, mpaka umefika kwenye uzazi na mauti. Mtoto aliyekulia humo hakuhitaji kufundishwa kwa maneno nani anasimama wapi.

Msalani palikuwa na birika la maji la chokaa, na chini ya birika hilo bakuli la kaure lililozamishwa sakafuni. Wengine walifuga samaki wadogo humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Juu ya nyumba kulikuwa na jiko chini ya makuti, ili moshi uende zake. Mgeni wa kulala alipewa sabule, chumba cha juu kinachofikika bila kupita katikati ya wenyeji.

Kisha kuna wikio, na hapa naomba tukae kidogo.

Wikio ni chumba au kivuko kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Wageni hulipiga picha kwa uzuri wake, lakini asili yake ni ya kifamilia. Baba mwenye uwezo alimjengea bintiye nyumba alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Nyumba hiyo ilijengwa ubavuni mwa ile ya wazazi au ng'ambo ya njia, na wikio likaziunganisha kwa juu ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Nyumba ya bibi ilijengwa hivyo kwa ajili ya mama yake. Binamu zangu wa kiume wanaodai kuwa nyumba ni ya ukoo wa babu huwa nawaambia wainue macho walitazame wikio.

Tusijidanganye pia. Utajiri uliojenga nyumba hizi ulichanganyika na utumwa. Watumwa walibeba mawe haya, na wengi wao walilala katika vyumba vya chini vya nyumba hizo hizo. Kama nyumba ni kitabu, basi na ukurasa huo usomwe.

Na mpangilio huu ni mkongwe kuliko Lamu tunayoiona. Nenda Gede, karibu na Watamu. Magofu yale yalianza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948, na mojawapo ya makaburi yake lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. Utakuta pale ua wa ndani, vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana, na vishubaka ukutani. Mji ule ulihamwa kabla nyumba ya bibi haijawekewa jiwe la kwanza, lakini mtu wa Gede angeingia Mkomani asingepotea. Mwaka 2024 Gede nayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mawe, chokaa, boriti, na kosa langu

Kwa nini vyumba ni vyembamba? Sababu ni mkoko. Dari hubebwa na boriti, na boriti ya mkoko haibebi uzito wa sakafu ya mawe ikipita kiasi cha mita 3. Chumba kinaweza kurefuka utakavyo, lakini upana wake umeamuliwa na mti. Kwa hivyo ukiondoa boriti ukaweka zege, mtu anayekuja baada yako atavunja ukuta wa msana "kupanua sebule", na hapo ule mpangilio wote niliokueleza umekwisha.

Kuta hujengwa kwa mawe ya matumbawe. Yako ya aina mbili. Yale ya nchi kavu ni magumu, na kwa Lamu hutoka Manda, ambako kijiji cha wachimbaji chaitwa Maweni. Yale yaliyotolewa baharini ni mepesi na laini yakiwa mabichi, yanachongeka kama mbao, kisha hukauka na kushika. Hayo ndiyo yaliyotumika kwa mapambo, vishubaka na mihirabu. Siku hizi kung'oa matumbawe hai ni kuharibu mazalio ya samaki, kwa hivyo jiwe la aina hii likianguka kutoka nyumba ya zamani usilitupe. Fundi mzuri atalirudisha.

Chokaa hutokana na mawe hayo hayo. Magogo hupangwa duara, mawe huwekwa juu, tanuri likawashwa. Mawe yakishaiva humwagiwa maji yakapasuka kuwa unga, na unga huo hulowekwa. Ukilowekwa miezi ni bora kuliko wiki. Chokaa iliyokaa hulainika kama samli, na hushika ukuta bila kupasuka.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka 2009 nilipata pesa ya maana kwa mara ya kwanza, na plasta ya msana wa tini ilikuwa inamong'onyoka. Nikanunua saruji. Fundi mzee aliyeitengeneza nyumba ile tangu ujana wake alinitazama nikishusha mifuko kwenye punda, akasema, "Mwanangu, ukuta huu wapumua. Ukiuziba, maji yatatafuta pengine pa kutokea." Mimi nilikuwa na diploma yangu, nikamjibu kwa adabu lakini nikamjibu: saruji ni imara zaidi, mzee. Akanyamaza, na wala hakuondoka. Alinisaidia kuchanganya.

Msimu wa kwanza wa mvua ukuta ulipendeza. Wa pili ukaanza kuvimba na kutoa chumvi nyeupe. Baada ya wa tatu, kipande cha dari kilianguka juu ya kitanda alichokuwa akilala halati, ambaye usiku ule Mungu alimjaalia yuko msibani. Tulipobomoa tukaona. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa polepole. Saruji iliufungia ndani, unyevu ukapanda hadi penye vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, vikaoza. Boriti za umri wa bibi mara mbili, nimeziua kwa misimu mitatu. Mzee yule ameshatangulia mbele ya haki, na sikuwahi kumwambia kuwa alikuwa sahihi ingawa najua alikuwa anajua.

Kwa hivyo mwenye nyumba ya mawe, shika haya. Anza na paa, maana maji ya juu ndiyo adui wa kwanza. Kagua vichwa vya boriti kila baada ya masika. Plasta iwe ya chokaa, na rangi iwe chokaa pia. Rangi za plastiki huziba ukuta kama saruji. Ufa usipuuzwe kwa sababu "umekuwepo siku zote". Pale Unguja, Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, iliyojengwa 1883, ilidhoofika miaka mingi machoni pa watu wote, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka huku ukarabati ukiendelea, na watu wakapoteza maisha. Lile lilikuwa jengo la serikali, mashuhuri kuliko yote mjini. Nyumba ya mjane wa Mkomani haina hata wa kuitangaza.

Ugumu wa vifaa ni wa kweli. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti, wakataji mikoko wa Lamu walikaa bila kazi na waliokuwa na dari za kurekebisha wakakwama. Mikoko lazima ilindwe, sipingi. Lakini mkataji wa boriti, mchoma chokaa na mchonga milango ni sehemu ya jengo kama ukuta ulivyo. Wakiisha wao, nyumba iliyobaki ni gofu lililochelewa kuanguka.

Sheria inasemaje

Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na Mji wa Kale wa Mombasa mwaka 1990. Lamu ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Sheria inayotawala sasa ni ile ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006, na Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa.

Kwa mwenye nyumba maana yake ni kuwa huwezi kuvunja, kuongeza ghorofa au kubadilisha uso wa nyumba ndani ya eneo la hifadhi bila idhini. Watu hulalamika, na malalamiko mengine yana haki. Mimi mwenyewe niliwahi kungoja kibali cha kurekebisha ngazi mpaka ngazi ikaanguka. Na kuwa kwenye orodha ya dunia hakukuletei fundi mlangoni. Hata hivyo, ofisi za hifadhi zina watu wanaojua chokaa, na ushauri wao ni bora kuliko wa muuza saruji.

Kuhusu mlango, sheria ile ya 2006 imeutaja kwa jina. Mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kilicholindwa, na hauwezi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Hili nilimsomea mjomba kwenye simu, akacheka sana. "Basi serikali yaujua mlango wetu kuliko nyinyi," akasema.

Lakini kasoro ya sheria iko hapo hapo. Inalinda uso. Nimeingia nyumba moja ambayo ukiwa njiani utaapa ni ya karne ya 18, na ndani kumebaki chumba kimoja kikubwa chenye vioo, daka imefungwa kwa kufuli, na nyumba ya kati imekuwa stoo ya magodoro. Ukweli usemwe pia kwamba baadhi ya wageni walionunua nyumba Lamu na Shela wamezitengeneza kwa chokaa na boriti kuliko tulivyofanya sisi wenyewe. Kuta zimepona. Ila mwaka mzima karibu hakuna anayebisha hodi, wala anayezaa humo, wala anayeoshwa humo.

Mirathi na wakfu

Kwa niliyoyaona mimi, kinachozimaliza nyumba zetu zaidi ya mvua na saruji ni mirathi iliyolala. Mungu ameweka mafungu, na mafungu ni haki. Tatizo ni sisi kuyaacha bila kugawa hadi warithi wa warithi wanafariki, na nyumba inakuwa na wenyewe 14 wasioweza kukubaliana hata kununua pakacha la makuti. Kila mmoja ana haki ya kuuza, hakuna mwenye jukumu la kutengeneza. Mwisho anakuja mnunuzi, na kila mtu anapumua.

Zipo njia, na si ngeni kwetu. Ya kwanza ni takharuj, warithi wanaohitaji pesa watoke kwenye nyumba kwa kulipwa fungu lao kwa maelewano, wabaki wanaotaka kuishika. Ya pili ni wakfu. Nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Misikiti na visima vingapi vya pwani vimesimama kwa njia hiyo? Wakfu unaweza kuandikwa kwa manufaa ya kizazi, kisha mafukara au madrasa, na sharti la matengenezo likawekwa ndani yake, kwamba sehemu ya kodi ya vyumba vya juu, kwa mfano, itangulie kwenye paa kabla ya kugawiwa mtu. Anayetaka aende kwa kadhi na kwa Tume ya Wakfu hapa Mombasa, aandikiwe vizuri. Wakfu wa mdomo umeshaliwa mara nyingi na tunajua.

Kwa wasio na nyumba ya kurithi

Wengi wetu tunajenga Kisauni, Likoni, Mtwapa, kwa matofali na mabati, na hatuna haja ya kuigiza Mkomani kwa kubandika mlango wa kuchongwa kwenye geti la chuma. Chukueni mpangilio, hauna gharama kubwa. Mlango wa mbele usitazamane na wa jirani. Ukifunguliwa, mtu aone ukuta kwanza. Wekeni baraza nje hata la futi nne, mgeni apate pa kukaa bila kuingia. Achieni ua, hata mdogo, upepo uzunguke. Nimeingia ghorofa nyingi mpya mjini ambamo mlango unafunguka moja kwa moja kwenye kochi, na mama wa nyumba anaishi na mtandio kichwani kutwa kwa sababu mwanafunzi wa ghorofa ya juu anapita. Nyumba zile zilijengwa na Waislamu, kwa pesa za Waislamu, kwa ramani iliyonakiliwa.

Kwetu mambo bado. Wa Muscat wote wawili wamekubali takharuj, na bei yao ni ya ndugu. Binamu mmoja hapa Mombasa anataka kuuza na ana sababu zake, ada za shule hazingoji. Yule wa London ametuma ujumbe akiuliza wikio ni lipi katika picha, nimemzungushia duara. Tutakutana kwa kadhi mwezi ujao.

Mjomba ameshaloweka chokaa kwenye shimo nyuma ya nyumba, na fundi, mtoto wa yule mzee, amesema isiguswe kwa miezi mitatu. Mnunuzi naye amepiga tena, anataka kuja kuiona nyumba kwa mara ya pili. Mjomba amemwambia karibu, njoo alasiri. Atakaa dakani, na kahawa ataletewa.